Mteja Hana Kabila

Leo naongea kuhusu amani, lakini sitaanza na wanasiasa. Naanza na omena.

Shangazi yangu huuza omena soko la Sondu, pale mpakani mwa Kisumu na Kericho. Wateja wake wengi ni Wakipsigis wanaoshuka na viazi vitamu, mahindi na maziwa. Nyumbani yeye ni Kijaluo, wao ni Kikalenjin, lakini bei inapigwa kwa Kiswahili. Kuna mama mmoja humwachia maziwa bila pesa na kungoja kulipwa siku ya soko ijayo. Hilo deni ni mkataba wa amani, hata kama hakuna mtu ametia sahihi. Kwani ni nani hufurahi nyumba ya mtu mwenye deni lake ikichomwa? Atamlipa nani?

Ndiyo maana naamini kibanda kinajenga amani kuliko hotuba. Mwenye kibanda ana kitu cha kupoteza. Msee mwenye pikipiki ya mkopo akiitwa kurusha mawe kwa mia tano, anafikiria malipo ya jioni. Asiye na kitu, hiyo mia tano ndiyo kazi ya kwanza amepata mwezi mzima. Si mimi tu nasema. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilitaja vijana wengi wasio na kazi kama moja ya vyanzo vya ule moto.

Na moto ukishawaka, hauchagui. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Reli iling'olewa Kibera, barabara zikafungwa, mafuta yakawa shida hadi Uganda na Rwanda. Uchumi uliokua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 ukashuka chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Mama mboga hakuhitaji kusoma hizo asilimia. Alikuwa amezihisi kwa sufuria.

Lakini tusidanganyane. Sondu hiyo hiyo, mwaka 2023, watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Moja ya mambo yanayogombaniwa ni mpaka, na ushuru wa soko uende kaunti gani. Yaani soko linalotuunganisha ndilo tunalipigania! Kwa hivyo biashara peke yake haitoshi. Inataka mpaka unaojulikana, ushuru unaorudi sokoni kama choo, taa na maji, na polisi wanaofika kabla ya moshi.

Kingine kinaniudhi. Sisi vijana tukiuliza kodi yetu imeenda wapi, tunaambiwa tunyamaze, ati tunaharibu biashara. Biashara ya nani? Askari wa kaunti akimwaga sukuma za mtu barabarani, hiyo pia ni vurugu, hata kama haiko kwa taarifa ya saa moja. Amani ya kulinda duka kubwa na kuvunja kibanda si amani. Ni kimya tu, na kimya huisha.

Serikali ikitaka amani, iache watu wadogo wafanye kazi. Vibali viwe rahisi, masoko yawe na nafasi, na mkopo umfikie kijana bila kuuliza jina lake la mwisho.

Na sisi je? 2027 si mbali. Kabla mtu hajakupa mia tano na jiwe, piga hesabu. Ni watu wangapi wa kabila lingine wana deni lako, ama wewe una lao? Nani anakunyoa, anakuuzia chapo, anakurekebishia simu? Kama wote ni wa kwenu, hiyo ni shida, na haingoji tume. Kesho asubuhi vuka barabara, ununue kwa yule mwingine. Muulize jina. Rudi tena wiki ijayo.