Mfuko wa Michembe

Kila msafiri wa nchi zetu anaijua Tinde. Njia kuu itokayo Dar es Salaam, ikiisha kupita Dodoma, Singida na Nzega, hugawanyika hapo: moja huenda Shinyanga na Mwanza, na ya pili hushika Isaka na Kahama, hata Rwanda na Burundi. Kwa hiyo magari makubwa husimama Tinde mchana na usiku, na penye wasafiri hapakosi jiko. Nataka kuwasimulia habari ya chakula tulichokula hapo mwaka huu, baba yangu na mimi, maana kilinifundisha jambo nililopaswa kulijua tangu utoto, mimi niliye mwalimu wa watoto wa watu.

Baba yangu ni mzee, na macho yake yamepungua nuru. Nalimpeleka Shinyanga kwa mganga wa macho, na wakati wa kurudi tulishuka Tinde kungoja gari la upande wa Isaka, ndiko kwetu. Jua lilikuwa kali, na gari halikuonekana. Nikamshika mkono, tukaingia katika hoteli moja ndogo, nyumba ya mabati yenye meza nne na mabenchi. Mama mwenye hoteli akaja, akapiga magoti mbele ya baba, akamwamkia kwa Kisukuma, kisha akatutajia vyakula vyake: wali kwa kuku, wali kwa nyama, chipsi, na ugali wa sembe kwa samaki wa Mwanza.

Mimi nikaagiza wali kwa kuku, nikitaka kumheshimu baba. Lakini yeye akamwuliza yule mama, "Je, mwanangu, huna ugali wa mtama na nsansa?"

Niliona haya. Kwenye meza ya pili waliketi vijana wawili waliovaa vizuri, nami nilidhani watatucheka. Nikasema kwa sauti ya chini, "Baba, hapa ni hotelini. Chakula hicho tutakila nyumbani."

Yule mama akacheka kwa upole. Akasema, "Kipo, babu. Kipo nyuma ya jiko, na michembe pia. Madereva hukiulizia sana, hasa wazaliwa wa huku wakaao miji ya mbali. Lakini sikiandiki ubaoni, maana wenyeji wakikiona husema kwamba hoteli hii ni ya maskini."

Basi, akakileta. Kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine yafaa nieleze. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa juani yapate kudumu mpaka kiangazi, kisha hupikwa kwa karanga zilizotwangwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba vingali vibichi, vikaanikwa juu ya majabali mpaka vikawa vikavu kama vijiti. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Hayo yote ni akiba. Nchi yetu hupata mvua msimu mmoja tu, kisha hukaa miezi mingi bila tone, na asiyeanika wakati wa mavuno hana la kupika wakati wa ukavu.

Baba akanawa, akaomba baraka, akaanza kula. Alikuwa haoni vema kilichomo katika sahani, lakini mkono wake ulikijua. Akamega ugali, akachovya katika nsansa, akatafuna polepole, akanywa maziwa ya mgando. Kisha akavuta bakuli la michembe iliyopikwa kwa karanga, akaonja, akanyamaza kitambo. Akasema, "Hii imekatwa nyembamba, kama alivyokata mama yako."

Wasomaji, neno hilo lilinichoma, nami nitawaambia sababu yake.

Nilipochaguliwa kwenda shule ya sekondari, mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, alinishonea mfuko kwa kipande cha kanga yake ya maua, akaujaza michembe. Akasema njaa ya shuleni haina mtu wa kuililia, basi nile hiyo nikikumbuka nyumbani. Nikafika Tinde kungoja basi, nikawakuta vijana wengine waendao shule ile ile. Walikuwa na mikate na biskuti. Nikaogopa kuchekwa. Nikaenda nyuma ya maduka, nikauacha ule mfuko chini ya mti, nikarudi mikono mitupu. Niliporudi likizoni, mama akaniuliza, "Je, michembe ilitosha?" Nikamjibu, "Ilitosha, mama." Akafa miaka mingi baadaye, nami sikumwambia kweli.

Hapo mezani nikamkumbuka Isaka katika kitabu cha Mwanzo, mzee aliyepofuka, ambaye mwanawe alimletea chakula pamoja na uongo. Nikaona siwezi kula. Nikamweleza baba habari yote, tangu mwanzo hata mwisho.

Baba hakuacha kula. Akaendelea mpaka akamaliza bakuli, akajipangusa mikono, ndipo akasema, "Tulijua."

Nikamwuliza, "Mlijuaje?"

Akasema, "Jirani yetu alipita Tinde siku ile ile, akauona mfuko, akaitambua kanga ya mama yako. Akaurudisha jioni. Mimi nalikasirika, nikataka kuja shuleni kukurudi. Mama yako akanizuia. Akasema, 'Mtoto hakukataa chakula, amekionea haya umbo lake. Mwache.' Muhula uliofuata akaitwanga michembe ile ile, akaifanya unga, akakutilia katika mfuko mwingine. Akasema, 'Unga hauna sura. Huu ataula.'"

Nikakumbuka. Naam, ulikuwako unga, mweupe wenye utamu kidogo. Tulikuwa tukiupikia uji usiku, mimi na wenzangu wanne, nao wakaniuliza mara nyingi kama mama yangu ataleta mwingine. Nilidhani ni unga wa namna nyingine tu, wala sikuuliza. Hivyo mama alinilisha kile nilichokitupa, akaificha aibu yangu nisiione, naye aliponiuliza likizoni kama michembe ilitosha alikuwa amekwisha kujua.

Baba akaongeza jambo moja. Alisema, "Mwaka 1974 mvua ilipokosekana, tulipewa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, watu wakayaita yanga. Tuliyashukuru. Lakini kabla hayajafika, aliyekuwa na michembe ghalani ndiye aliyewapa wanawe chakula. Usikidharau kitu kilichokusubiri mpaka ulipokihitaji."

Tukalipa, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya ule wali ambao sikuugusa. Wale vijana wawili niliowaogopa walikuwa wameagiza michembe nao, baada ya kuona ya baba.

Njiani nilitafakari. Wako wasemao kwamba chakula cha asili ni cha washamba, na cha kigeni ni cha watu walioendelea. Lakini kiazi kitamu chenyewe kilikuja kwetu kutoka Amerika, kama mahindi, muhogo na karanga zilivyokuja. Mtama na kunde ndivyo vya Afrika tangu kale. Bibi zetu walimpokea mgeni huyo kiazi, wakamfundisha kukaa katika nchi kavu kwa kumkata na kumwanika. Hiyo ni elimu, ingawa hawakupewa cheti. Sisi tuliopewa cheti tumeificha elimu yao nyuma ya jiko.

Nami nina deni jingine la kukiri. Nyumbani kwangu, kila walipokuja wageni, mimi ndimi niliyemwambia mke wangu asitenge michembe mezani. Na darasani, mtoto akitoa matobolwa mfukoni wenzake wakamcheka, nalinyamaza, nikidhani si kazi ya mwalimu. Tangu siku ile ya Tinde sinyamazi tena. Nimewaeleza watoto jinsi nsansa inavyokaushwa na kwa nini, na nikawaomba kila mmoja amwulize bibi yake, aje atufundishe. Wamekuja na mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua.

Ndugu wasomaji, mama aliyekaa juani siku tatu akikata na kugeuza vipande, alikuwa akihesabu siku za njaa ambazo mtoto wake hajaziona bado. Tukipita Tinde, au penye jiko lo lote la njiani, tukiulize chakula hicho kwa sauti ya kusikika, ili mwenye hoteli apate moyo wa kukiandika ubaoni. Na wale ambao mama zao wangali hai, wawaambie kweli mapema. Mimi nilichelewa, nikamwambia baba peke yake, naye akanisamehe kwa niaba ya wawili.