Siku koko alipokuwa mwalimu

Wengi kati yetu tuko na watoto ao wajukuu wanaokomalia mbali: Kampala, Nairobi, Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Marekani. Tunatafuta feza ya safari miaka na miaka. Siku tunapofika, tunakuta watoto wamekuwa warefu, wako na adabu, lakini maneno ya kuzungumza nao ni machache. "Jambo koko, umelala muzuri?" Kisha kila mtu anarudilia telefoni yake. Juma hili napenda kuwaelezea mahali ambapo jamaa yetu ilipata maneno. Haikuwa kanisani wala mezani. Ilikuwa kwenye nyumba ya samaki.

Nilisafiri na mama yangu toka Uvira kwenda Cape Town kumuona mdogo wangu, ambaye ako kule tangu miaka kumi na moja. Mtoto wake wa kwanza alifika kule mgongoni. Wawili wengine wamezaliwa kulekule. Wanasikia Kiswahili kidogo, wanajibu kwa Kingereza. Mama ameuza samaki sokoni zaidi ya miaka makumi tatu: ndakala, mikeke, kuhe. Kingereza hajui. Siku nne za kwanza alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Usiku wa nne akaniuliza kwa sauti ndogo: "Hawa watoto wanajua mimi ni nani kwao?" Sikupata la kumjibu.

Siku ya posho shemeji akasema twende Two Oceans Aquarium. Ni jengo kubwa lililo bandarini, lililofunguliwa mwaka 1995, na ndani yake mna matangi ya kioo yenye samaki wazima. Jina lake ni "bahari mbili", maana yake Atlantiki na ile ya Hindi, zinazozunguka nchi ile. Mama akakataa kwanza: "Nilipe feza juu ya kutazama samaki? Si nimewapasua tangu ujana wangu?" Tukacheka, lakini akavaa kikwembe chake kizuri, tukaenda naye.

Kuna tangi moja la lita 800,000 ambamo wamepanda majani ya bahari. Ni marefu kama miti, yanayumba na maji, na mwangaza wa jua unaingia toka juu. Samaki wanapita katikati yake kama ndege msituni. Mama akasimama pale. Akaweka mkono kwenye kioo, akakaa hivyo kitambo kirefu. Kisha akasema: "Sijaona hata siku moja samaki akitembea."

Fikirini neno hilo, wamama. Mwanamke aliyesomesha watoto sita kwa samaki! Lakini samaki anayemjua ni yule wa ndani ya beseni, ao wa kwenye moshi, ao aliyekauka kwenye mchanga. Ziwa letu linashuka karibu metre 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal tu, kule Urusi, linalolishinda kwa kina. Sisi tunaona juu yake tu.

Msichana mdogo, mwenye miaka saba, aliona koko wake amesimama peke yake. Akaja, akamshika mkono, akamvuta kwenye tangi la farasi wa bahari. Ni samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, anayesimama wima. Mdogo wangu akatusomea maandishi: kwa samaki hawa, ni mwanaume ndiye anayebeba mimba. Mwanamke anatia mayai ndani ya mfuko ulio tumboni mwa mume, na mume ndiye anazaa. Mama alicheka mpaka machozi. "Na nauli ya maternité, nani analipa?" Halafu akawaambia watoto kwamba hata Tanganyika iko na maajabu: kuna samaki ambaye mama anaficha mayai yake ndani ya kinywa, na watoto wakiisha kutotolewa, wanakimbilia humo wakiona hatari. Kwake si habari ya kitabu. Amefungua vinywa vingi sokoni, akawakuta wale wadogo humo ndani.

Kutoka hapo mambo yaligeuka. Tulipofika kwa samaki wadogo wenye rangi ya feza, wanaoogelea kwa kundi, mama akasema wanafanana na ndakala, akaanza kuelezea namna ndakala wanavyokamatwa: usiku usio na mwezi, mitumbwi inawasha taa, samaki wanafuata mwangaza, wavu unapandishwa toka chini yao. Mdogo wangu alikuwa akitafsiri. Mara yule mvulana mkubwa, ambaye siku zote hutikisa mabega tu, akauliza kwa Kiswahili: "Koko, na taa ikizimika?"

Mama akamuelezea usiku ule upepo ulipozima taa na kupindua mtumbwi wa mume wake, na namna alivyorudi asubuhi akishikilia bido tupu. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mbili, na hakuwa amesikia hata siku moja kwamba koko wake mwanaume alikuwa mvuvi.

Katika tangi kubwa kuliko yote, la lita 1,600,000, unapita chini ya maji ndani ya njia ya kioo. Pale tulisikia habari ya kasa mmoja aitwaye Yoshi. Aliletwa mwaka 1997 akiwa mdogo, akalelewa pale miaka makumi mbili. Mwezi wa kumi na mbili wa 2017 wakamrudisha baharini akiwa na chombo cha kufuatilia safari yake mgongoni. Mwaka 2020 alifika Australia, baada ya zaidi ya kilometre 30,000. Wanasayansi wanasema kasa huzaliwa na kitu kama dira mwilini, kinachosikia sumaku ya dunia.

Mdogo wangu alinyamaza. Mama akamwambia polepole: "Kasa ako na dira. Mtoto wa mtu sherti umuonyeshe njia."

Wamama, tiketi za mahali kama pale ni za bei, na wengi wetu hatutafika. Lakini si kioo ndicho kilichofungua vinywa. Watoto wale walizoea kuona koko asiyejua kufungua mlango wa lifti. Siku ile walimuona akijua kitu ambacho baba, mama na mwalimu wao hawajui. Ukienda kutembelea wajukuu, ao wao wakija, mtafute pamoja mahali ambapo kazi yako inaonekana: soko, shamba, cherehani, jiko. Usingoje wajue Kiswahili ndipo uwaelezee. Maneno yanakuja nyuma ya kazi.

Na sisi tulio Uvira, Baraka, Fizi na Kalemie, tuwapeleke watoto ufukoni asubuhi, mitumbwi inaporudi. Tuwaonyeshe kuhe na mukeke, tuwaambie sababu gani vyandarua vya mbu vinamaliza samaki wachanga karibu na ukingo.

Siku hizi simu ya Cape Town inalia kila siku ya Mungu. Juma lililopita yule msichana aliuliza ndakala ni bei gani. Mama alimjibu kwa urefu, mpaka unite zikaisha.