Hesabu Nauli Kwanza

Atafutaye hachoki, walinena wahenga; nami nilichoka mapema. Pendekezo langu la kwanza la kuomba ufadhili wa utafiti lilikataliwa. Nilikuwa nimejaza kurasa nne nikiisifu fasihi simulizi, wala sikueleza ningekwenda wapi, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi.

Nilikusudia kurekodi nyimbo za tohara za Wabukusu wa Bungoma. Tohara hiyo hufanyika Agosti ya miaka shufwa, kama 2022 na 2024. Kuikosa Agosti moja ni kungoja miaka miwili, na manju niliyemtegemea alikuwa mkongwe.

Msimamizi wangu akaniasa: “Mwanangu, mfadhili haulizi unaipenda fasihi kiasi gani. Anauliza utafanya nini.”

Nikarudi nyumbani Kitale, nikapanda matatu hadi Bungoma kupitia Webuye, nikiandika kila nauli daftarini. Nikaongeza kinasa sauti, betri, chai ya wazee na ada ya kibali cha NACOSTI. Ratiba nzima nikaifunga kwenye Agosti.

Kumbe bajeti nayo ni masimulizi: ina wahusika, mandhari na wakati. Pendekezo la pili lilipata fedha chache, za nauli na kinasa sauti tu. Zilitosha. Mzee aliimba, nami nikanasa.

Mwanafunzi mwenzangu, Hazina ya Kitaifa ya Utafiti imewekwa na sheria ya mwaka 2013. CODESRIA ya Dakar nayo imewahi kufadhili tasnifu za vijana wa Afrika. Kabla ya kubisha hodi kwao, hesabu nauli.