Majuto ni Mjukuu

Waama, wahenga hawakukosea. Mwaka wa 2023 mjomba aliniletea tarakilishi kuukuu yenye diski ya gigabaiti 160. Nyumbani kwetu Kiuu, Githurai, nilishangilia hadi majirani wakaja kuchungulia. Usiku uo huo nikaweka Linux, diski nzima sehemu moja. Mipango ya nini? Pupa ilinijaa.

Siku moja mfumo ukakataa kuwaka. Bila kufikiri nikauweka upya, nikakubali diski nzima ifutwe. Insha zangu zikaenda, na picha za marehemu nyanya pia. Mama akaniuliza, "Na zile picha za shosho?" Nikakosa la kujibu.

Mjomba hakunigombeza. Alinionyesha chumba chetu kimoja, kilichogawanywa kwa pazia. "Mama yako akideki jikoni, kwani hutoa kitanda nje?"

Tukaanza na karatasi na kalamu. Gigabaiti 30 tukaupa mzizi, makao ya mfumo wenyewe. Nne zikawa swapu, pa kupumulia kumbukumbu ikijaa. Zilizobaki zote zikawa /home, ghala la kazi zangu. Tangu hapo nimeuweka mfumo upya mara mbili, nikifuta mzizi tu. Ghala liko salama.

Hata hivyo, diski ikifa, sehemu zote hufa pamoja. Kwa hivyo huweka nakala kwenye flashi.

Picha za shosho hazikurudi. Mwanafunzi mwenzangu, pima kabla ya kukata!