Likizo Yetu Kisiwani kwa Fedha Kidogo

Nyumbani kwetu Kabongo, ukutani, juu ya meza tunayosahihishia madaftari ya wanafunzi, imetundikwa kalenda yenye picha ya kisiwa: mchanga mweupe, minazi iliyoinama, na mashua moja yenye tanga. Mfanyabiashara mmoja alitupa bure siku tuliponunua sabuni kwake. Mwaka wake ulikwisha zamani, lakini watoto hawakukubali iondolewe. Jioni moja ya Juni 2023 mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka minane, akatuuliza: "Baba, kisiwa hiki kiko wapi, nasi tutakwenda lini?"

Mwalimu hapendi kushindwa na swali. Tukatwaa karatasi, tukapiga hesabu ya kwenda Unguja. Toka Kamina iko reli mpaka Kabalo, iliyofunguliwa mwaka 1956, na toka Kabalo reli nyingine yafika Kalemie, ufukoni mwa ziwa Tanganyika. Hapo msafiri huvuka ziwa mpaka Kigoma, akashika Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, akasafiri kilomita zaidi ya 1,200 mpaka Dar es Salaam, ndipo apande boti ya Unguja. Njia ni nzuri kuisoma katika ramani. Lakini sisi tu watu watano, na pasipoti za watu watano peke yake zingekula mishahara ya miezi mingi kabla hatujanunua hata mkate wa njiani. Tukaikunja karatasi. Mama watoto, aliyekuwa akichambua maharagwe, akasema bila kuinua macho: "Kwetu pia ni kisiwa."

Tukanyamaza. Hapana budi tuwaelezeni sababu ya kunyamaza huko, ijapokuwa si habari ya kujisifia. Wazazi wa mama watoto ni wavuvi wa Kinkondja, penye ziwa Kisale, nao hukaa sehemu kubwa ya mwaka juu ya kisiwa cha mafunjo kinachoelea. Siyo mbali, wachuuzi wa samaki hufika huko toka kwetu kwa baisikeli. Lakini tulipofunga ndoa, miaka tisa kabla ya jioni ile, walisalia mbuzi wawili katika mahari, nasi tuliahidi mbele ya wazee kuwaleta mwaka ujao. Mwaka ujao ukazaa mwaka ujao mwingine. Kwanza ikaja homa ya mtoto, kisha paa la nyumba. Na mwaka 2019, shule za msingi zilipofanywa za bure, wazazi wakapumzika kulipa nasi tukabaki na mshahara mtupu. Sababu zote zilikuwa za kweli. Lakini kwa ajili ya hizo mama watoto alikuwa hajauona uso wa mama yake miaka saba, maana sisi tuliona haya kwenda, naye hakutaka kwenda bila sisi.

Basi tukaamua kwenda, mbuzi wasiwepo. Zamu yetu katika likelemba ya walimu, yaani chama cha kupeana fedha kwa mzunguko, ilikuwa imeangukia mwezi ule ule.

Sasa tuseme juu ya fedha, kwani wengi wenu mna watoto na kalenda. Fedha ya safari hailiwi sana na njia. Huliwa na tumbo na mahali pa kulala. Mwenye ndugu hana haja ya hoteli. Tena asisafiri mikono mitupu, akaze akili kujua kitu gani ni rahisi kwake na ghali aendako. Kabongo tuna mafuta ya mawese na unga wa muhogo. Ziwani wana samaki kupita kiasi, na mafuta huyanunua kwa bei kali. Tukachukua bidoni mbili za lita 20, gunia moja la unga, karanga, sabuni, na vyandarua viwili. Lori la mahindi, ambalo dereva wake tulimfundisha kusoma, likatubeba mpaka Kamina. Alidai malipo ya mizigo tu, watu akatusamehe. Kamina tulipoteza siku mbili kwa kosa letu wenyewe, maana hatukuuliza siku ya treni kabla ya kuondoka. Tulilala kwa mwenzetu wa seminarini, ambaye tulizoea kwenda naye likizo kwa miguu, viatu mkononi ili visichakae.

Toka Kamina, treni mpaka Bukama. Hapo ndipo mto Lualaba unapoanza kuchukua vyombo vikubwa, nao hupitika hivyo mpaka Kongolo. Tukapanda mashua ya injini iliyojaa chumvi, vitenge na baisikeli. Walikuwamo pia mbuzi sita wa mtu mwingine. Mama watoto alikaa karibu nao kwa makusudi, twadhani, na mbuzi wale wakatutazama njia yote.

Asubuhi ya pili mto ukapotea. Pande zote yalisimama mafunjo marefu kupita mtu, na katikati yake vijia vya maji vyembamba, ambavyo mgeni akiingia peke yake hatoki. Ziwa Kisale si bahari ya kalenda. Maji yake ni meusi, hayana mchanga mweupe wala minazi, na viboko hukoroma usiku. Lakini watu wamelipenda tangu zamani sana. Huko Sanga, ukingoni mwa ziwa, wataalamu walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu vizuri na misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Sisi tulikuwa tumeyafundisha hayo darasani miaka mingi bila kujua kwamba tunafundisha habari za wakwe zetu.

Na kisiwa chenyewe? Wazieni godoro kubwa la mizizi na mabua yaliyofumana, juu yake nyumba nne za mafunjo, kuku, na vichanja vya kukaushia samaki. Moto hukaa juu ya udongo uliosindiliwa, ili usitoboe sakafu. Chini mabua huoza, kwa hiyo kila mara watu hukata mengine mabichi na kuyatandika juu. Asiyetandika, nyumba yake yazama polepole. Ukitembea, nchi yabonyea na kuinuka nyuma yako. Mtoto wetu wa pili alicheka siku nzima kwa hilo, mpaka mguu wake ulipotumbukia hata pajani. Shemeji yake mama, kijana wa miaka kumi na mitano, akamng'oa kama muhogo. Toka saa ile hakucheka tena, bali alitembea kama wenyeji, miguu imepanuka.

Maji yote tuliyachemsha, maana kipindupindu hakiachi kurudi katika bonde hili la Upemba. Mchana tulijifunza kufuma wavu, vibaya. Jioni tulikula bukari na samaki wabichi wa aina ambazo Kabongo hutufikia kavu tu. Mama mkwe, ambaye kwa desturi yetu hatuli naye wala hatumkazii macho, alitupelekea maneno yake kwa midomo ya watoto. Alimshika mama watoto mkono siku mbili, hakumwachia hata kupika.

Usiku wa tatu baba mkwe akaja na ndugu zake wawili kwa mtumbwi. Tulijua.

"Mwalimu," akasema, "wafundisha hesabu?"

"Ndiyo, baba."

"Wawili kutoa sifuri wabaki wangapi?"

"Wawili, baba."

Wazee wakacheka, nasi tukataka kucheka, lakini yeye alikuwa hacheki. Akasema: "Mimi sifugi mbuzi juu ya maji. Lakini miaka saba wanawake wamemwuliza mama yake kama binti huyu aliolewa au aliibwa. Alikuwa akijibu nini?"

Tulikuwa tumetengeneza maneno mengi tangu Bukama, juu ya homa na paa na mshahara. Hatukuyatumia. Tulisema tu kwamba tumekosa. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akaomba daftari na kalamu, akavitoa, siyo kwetu, bali kwa mama watoto. Naye akaandika kwa mwanga wa koroboi: mbuzi mmoja Julai ijayo, mwingine Julai ya pili, akasoma kwa sauti, sisi tukatia sahihi kama mwanafunzi aliyechelewa. Punde mtoto wetu mdogo akaja na samaki mmoja mkubwa wa kuchoma, akasema: "Nyanya asema mkwe ale."

Tulikaa siku kumi na moja. Mafuta tuliyabadilisha kwa samaki wakavu, na wengine tulipewa, tukarudi na magunia mawili. Gunia moja tuliliuza Kamina, nusu ya jingine Kabongo, na ile fedha ikarudisha nauli yote ya kurudi na sehemu ya nauli ya kwenda.

Iliyosalia tulinunua beberu mdogo. Julai 2024 tulimpeleka, tukafahamu ya kuwa mbuzi hulipiwa mashuani karibu sawa na mtu, jambo ambalo hatukulitia katika hesabu. Aliyefuata alifugwa nyuma ya nyumba, naye kabla ya kuondoka aliingia ndani siku moja mlango ukiwa wazi, akala kalenda, minazi na yote, akaacha msumari.