Samaki Waliokimbia Taa

Msafiri anayetoka Arusha kwenda Dodoma huukuta mji wetu wa Babati karibu na Mlima Kwaraa. Tangu mwaka 2002 hapa ndipo makao makuu ya Mkoa wa Manyara, na kelele za mabasi na bodaboda zimeongezeka. Lakini ukiteremka kusini mwa mji, unalikuta Ziwa Babati na matete yake, perege wake, kambare wake na viboko wake. Mimi ni muuguzi, na nimeishi hapa miaka mingi. Hata hivyo, ziwa hili nilianza kulielewa mwaka jana tu, kwa sababu ya samaki waliokuwa wakifa sebuleni kwangu.

Jirani aliyehama alituachia tangi la kioo lenye taa ndefu juu yake. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto wa marehemu dada yangu, binti wa miaka tisa. Tangu aje kwangu alikuwa hazungumzi sana, na mgeni akibisha hodi alikimbilia chumbani. Nilidhani samaki watamchangamsha. Mvuvi mmoja akatupatia vifaranga watano wa perege.

Nililiweka tangi dirishani ili kila mtu alione, na taa ikawaka tangu alfajiri hadi saa ya kulala. Samaki walijikusanya pembeni, rangi ikapauka, chakula wakakiacha. Usiku mmoja nilirudi kutoka zamu nikawasha taa ghafla. Mmoja aliruka nje ya tangi, nikamkuta sakafuni amekufa. Baada ya siku tatu akafa wa pili. Binti alimfukia chini ya mpapai, kisha akaniuliza, "Mama mdogo, kwani wanaogopa nini?" Sikuwa na jibu.

Tulikwenda ziwani kumwuliza mvuvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Samaki hawajambo?"

Nilipomweleza, alituonyesha maji. Yalikuwa ya rangi ya udongo, hata mkono ukizama hauonekani. "Perege wadogo wamo humo katikati ya matete," alisema. "Juu yupo mnandi, yupo mdiria, wote wanawatafuta. Wewe umewaweka uwanjani, hawana hata jani la kujifunika." Akatuambia kwamba kambare naye hungoja giza ndipo atoke kutafuta chakula. Kisha akatuhimiza turudi nyumbani mapema, maana viboko nao hutoka majini usiku kula majani.

Njiani nilijilaumu. Mtoto mwenye surua akiletwa wodini, mwanga humuumiza macho, nasi huvuta pazia bila kumgombeza. Samaki wengi hawana kope za kufumba, na macho yao huchukua muda kuzoea mwanga baada ya giza. Si wote wanaoukimbia: dagaa wa Ziwa Victoria huvutwa na taa za wavuvi usiku usio na mbalamwezi. Lakini hawa wangu walizoea kivuli.

Tulitengeneza hivi. Tangi tuliliondoa dirishani, kwa sababu jua huchemsha maji na kuyafanya ya kijani. Nyuma na ubavuni, upande wa nje, tulibandika karatasi nyeusi. Ndani tuliweka kokoto za rangi ya giza na vipande vya chungu kilichovunjika, vioshwe vizuri bila sabuni, ili wapate pango. Taa tuliinua juu zaidi, na nusu ya tangi tukaifunika kwa ubao, ili upande mmoja uwe na kivuli. Usiweke karatasi juu ya taa yenye joto, ni hatari ya moto. Juu tuliweka wavu. Asubuhi tunafungua pazia kwanza, tunangoja nusu saa, ndipo tunawasha taa. Jioni tunaizima kabla ya taa ya sebule. Kwa siku inawaka saa nane hadi kumi, basi.

Siku ya nne mmoja alitoa kichwa pangoni. Baada ya wiki mbili wote watatu walikula mbele yetu, na mistari yao ikarudi.

Mama mwenzangu, ukitaka kujaribu, usichukue magugu maji kuwa kivuli, wala usimwage samaki wa tangini ziwani. Kumbuka pia kwamba perege hukua, na siku moja atahitaji bwawa.

Jambo moja zaidi. Zamani mgeni akija, nilimvuta binti yangu mkono aje asalimie mbele ya watu wote. Nimeacha. Sasa namwambia mapema nani anakuja, na mlango wa chumba chake nauacha wazi nusu. Juzi alikuja mama mmoja wa kwaya. Tulikuwa tunakunywa chai, binti akatoka mwenyewe, akampa shikamoo, kisha akamwambia kwa sauti ndogo, "Njoo uone samaki wangu, lakini tembea polepole."