Taji ya Chuma Huko Pantang

Njoo leo tusafiri mpaka Ghana, Afrika ya Magharibi. Ukitoka Accra, mji mkuu, ukashika njia ya kaskazini iendayo milima ya Akwapim, utafika Pantang. Hapo pana hospitali ya mifupa iitwayo FOCOS, iliyofunguliwa mwaka 2012. Mwanzilishi wake ni Daktari Oheneba Boachie-Adjei, mzaliwa wa Ghana, aliyekuwa bingwa wa kupasua migongo huko New York.

Ukiingia, usishtuke. Utawaona vijana na watu wazima wamevikwa pete ya chuma kichwani, mfano wa taji. Imekazwa kwa misumari midogo katika mfupa wa kichwa, na kamba yenye uzito yaivuta juu. Hao ni wenye vibiongo na migongo iliyopinda vibaya, hata mapafu yamebanwa. Wengine wamezaliwa hivyo. Wengine kifua kikuu kiliwala mifupa ya mgongo. Wako waliotoka hata Ethiopia, ambako Daktari Rick Hodes amewapokea katika nyumba ya masista wa Mama Teresa, Addis Ababa.

Labda utauliza: Mbona wasipasuliwe mara moja? Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mgongo wa mtu mzima umekwisha kuwa mgumu, na ndani yake hupita uzi wa fahamu. Ukinyoshwa kwa ghafula, miguu yaweza kupooza. Basi uzito huanza kilo chache, huongezwa kidogo kidogo, pengine hata karibu nusu ya uzito wa mtu. Wauguzi huangalia daima kama mikono na miguu ingali na nguvu. Majuma hupita, pengine miezi. Mgonjwa huketi, hutembea, hulala, naye angali akivutwa. Mgongo ukiisha kulegea, ndipo hupasuliwa na kutiwa vyuma vya kuushika. Hata hivyo hatari ipo, wala si kila mgongo hunyoka kabisa.

Yule mwanamke wa Injili ya Luka, aliyeinama miaka 18, Bwana wetu alimnyosha papo hapo. Sisi wanadamu tumepewa akili na subira. Nawe mzazi, mtoto akiota nundu mgongoni, au akiumwa mgongo majuma mengi, usimfiche nyumbani wala usiseme amerogwa. Mpeleke hospitali upesi. Kifua kikuu cha mifupa huponyeka kwa dawa, na akitibiwa mapema huenda asiihitaji kamwe taji ile.